Je, wajua kwa nini gitaa lililotulia Mwanza hupasuka likihamia Ulaya?

Mtu wa Mwanza anayekwenda kuishi Ujerumani au Kanada na gitaa lake huondoka na hofu mbili: mizigo kurushwa uwanja wa ndege, na baridi. Ya kwanza ina msingi. Ya pili, kwa jinsi anavyoifikiria, haina. Gitaa hufika salama, hupigwa wiki kadhaa, mwenyewe akaanza kuzoea. Halafu asubuhi moja ya Januari anakuta mstari mwembamba umepita kifuani mwa gitaa, ule ubao wa mbele, kutoka kwenye daraja linaloshikilia nyuzi kwenda chini, utadhani umechorwa kwa wembe. Halikuanguka. Hakuna aliyeligusa. Chumba kilikuwa na joto zuri tu.

Hilo joto zuri ndilo lenye kesi.

Anayetaka kuelewa vizuri aende ufukweni Mwanza, Igombe au Kirumba Mwaloni, akaangalie mtumbwi wa mbao uliovutwa nchi kavu na kuachwa juani muda mrefu. Maungio ya mbao yanakuwa yameachana. Fundi husokomeza pamba kwenye nyufa, hupiga kalafati, kisha mtumbwi unarudishwa majini. Mwanzoni huvuja kidogo, baadaye mbao hunywa maji, hutanuka, na maungio hujifunga yenyewe. Mti hauachi tabia hiyo kwa kuwa umekatwa, umekaushwa na kupigwa vanishi. Hewa ikiwa na unyevu, mbao huunyonya. Hewa ikikauka, huutoa. Na inapoutoa hunywea kwa upana, si kwa urefu. Urefu wake haubadiliki kiasi cha mtu kujali.

Sasa tuingie ndani ya gitaa. Kifua cha gitaa zuri ni ubao wa mti wa sprusi, jamaa wa msonobari, wenye unene wa milimita 3 hivi na upana wa karibu sentimita 40 kwenye sehemu yake pana. Unyevu wa hewa ukishuka kutoka asilimia 70 hadi 25 na kukaa huko, ubao kama huo ukiachwa huru ungepungua upana kwa karibu milimita 4. Lakini hauko huru. Chini yake yamegundishwa mataruma yanayoukatiza, kama yale ya mtumbwi, na juu yake kuna daraja la mbao ngumu ambalo nyuzi za mti wake zimelazwa kinyume na za kifua. Kifua kinataka kunywea, mataruma hayataki. Juu ya ugomvi huo kuna nyuzi sita za chuma ambazo kwa pamoja zinavuta kwa nguvu ya uzito wa kilo 70 au zaidi. Kwanza kifua huzama, maana kilitengenezwa kikiwa na kamwinuko kadogo. Kikishindwa kuzama zaidi, kinachanika kufuata mstari wa mbao, mara nyingi karibu na daraja au pembeni mwa ubao wa vidole, ule wa juu ya shingo unapobonyezea nyuzi.

Kwa nini basi hayatokei Mwanza? Kwanza kuna lile Ziwa Victoria la kilomita za mraba zipatazo 68,800 mlangoni. La pili, ambalo watu hawalifikirii, ni kwamba hakuna anayepasha nyumba moto. Madirisha yako wazi, hewa ya ndani ndiyo ya nje. Hata kiangazi cha Juni hadi Agosti, mchana ukikausha, usiku unarudisha. Gitaa lililotundikwa ukutani Pasiansi au lililoachwa nyuma ya spika kwenye ukumbi wa kwaya huvimba na kunywea kidogo kidogo mwaka mzima, bila fujo.

Kule kwenye baridi hesabu ni nyingine kabisa. Hewa ya nyuzi 10 chini ya sifuri, hata ikishiba mvuke hadi mwisho, hubeba gramu 2 na kidogo tu za maji kwa kila mita ya ujazo. Hewa ya nyuzi 20 inaweza kubeba gramu 17. Ukichukua ile ya nje, ukaiingiza ndani na kuipasha moto bila kuiongezea maji, unabaki na unyevu wa asilimia 13 au 14. Kupika, kuoga na pumzi za watu huongeza, ila nyumba nyingi hubaki kati ya asilimia 20 na 30 majira yale. Watengenezaji wa magitaa hushauri 45 hadi 55. Kwa hiyo theluji ya nje haina kosa la moja kwa moja. Gitaa linakaushwa na hita iliyo ndani.

Na huhitaji kipimo cha unyevu kuligundua hili, ingawa kipimo ni rahisi na ninashauri ununue. Nguo ulizoanika kwenye kiti jioni zimekauka kabla ya kulala. Midomo inachanika. Unashika kitasa cha mlango kinakupiga shoti. Ukifika hapo, chukua gitaa upitishe kidole taratibu ukingoni mwa shingo, kutoka kichwani kuja kwenye mwili. Ukihisi freti, vile vijiti vya chuma vinavyokatiza ubao wa vidole, zinakukwaruza pembeni kama msumeno butu, ambazo ulipoondoka zilikuwa laini, ubao umeshanywea na chuma kimebaki pale pale. Hiyo ndiyo onyo la kwanza. Ufa huja baadaye.

Wanamuziki wanaokwenda kupiga hotelini Dubai au Muscat wasidhani wamesalimika kwa kuwa huko kuna joto. Kiyoyozi nacho hutoa maji hewani, na kutoka jukwaa lenye kiyoyozi kwenda nje kwenye mvuke wa pwani kila usiku ni kulivuta gitaa huku na huku.

Turudi kwenye ndege, maana stori za ndege ni nyingi. Kuna wanaoamini nyuzi hukatika angani kwa sababu ya mgandamizo wa hewa. Sehemu ya mizigo ina mgandamizo uleule wa sehemu ya abiria, unaolingana na kukaa kwenye mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, na Mwanza yenyewe tayari ipo juu ya mita 1,100. Hewa ya ndani ya ndege ni kavu, kweli, lakini saa kumi ni chache kwa mbao iliyofungwa ndani ya kasha. Hatari ya ndege ni kudondoshwa. Kasha likianguka wima, kichwa cha gitaa kinataka kuendelea na safari na shingo imesimama. Kinavunjika pale chini ya kichwa, penye wembamba. Ndiyo maana unaambiwa ulegeze nyuzi na ujaze nguo laini chini ya kichwa na juu yake, ndani ya kasha gumu. Uzilegeze mpaka zishuke sauti moja au mbili tu, usizitoe zote, kwa kuwa kuna nondo ndani ya shingo inayovuta upande wa pili.

Ukiondoka Mwanza na ndege ya panga boi, kabati za juu ni finyu, usitegemee kuingia nalo. Marekani kuna sheria ya mwaka 2012, ambayo kanuni zake zilianza kutumika Machi 2015, inayoitaka kampuni ya ndege kumruhusu abiria kupanda na gitaa iwapo nafasi kabatini ipo wakati anapanda. Kwingineko ni tabasamu na bahati. Cha kuogopa zaidi kabla hata ya uwanja wa ndege ni gari lililofungwa vioo na kuachwa juani pale stendi ya Nyegezi: gundi ya mbao ikipata joto la nyuzi 60 hivi huanza kulegea, na daraja linang'oka taratibu bila hata kelele.

Hapa kuna jambo linalonifurahisha. Gitaa la bei poa, lile ambalo wapigaji wazuri wanalidharau, ndilo msafiri bora. Kifua chake ni plaiwudi. Tabaka zake zimepishanishwa, hili linataka kunywea huku, lile linalikatalia, na matokeo yake halipasuki kirahisi. Afrika Kusini, kampuni ya Gallo ilitengeneza magitaa ya namna hiyo, ndiyo hayo wazee wetu waliyaita galatoni. Gitaa la kwanza la John Lennon wa kundi la Beatles, miaka ya 1950, lilikuwa Gallotone Champion kutoka kwao, na ndani ya tundu lilikuwa na karatasi iliyomhakikishia mnunuzi kwamba halitapasuka. Sauti yake haikuwa ya kutikisa mji. Ila ahadi ilikuwa ya kweli zaidi kuliko ya magitaa mengi ya gharama.

Kulijua lako ni rahisi: angalia ukingo wa lile tundu la sauti kwa tochi ya simu. Ukiona mistari ya mbao ya juu inaendelea moja kwa moja kushuka ukingoni, ni ubao mzima. Ukiona tabaka kama za mandazi yaliyokatwa, ni plaiwudi. Anayekwenda kukaa miaka na ana gitaa la ubao mzima alilorithi, binafsi ningemwambia aliache nyumbani akanunue la plaiwudi.

Akikataa, basi gitaa likae ndani ya kasha kila linapomaliza kupigwa, mbali na mabomba ya joto ukutani. Chukua kisanduku cha sabuni, kitoboe matundu, weka sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa mpaka haidondoshi tone, kilaze ndani ya kasha karibu na kichwa cha gitaa. Kingine kinaweza kukaa upande wa mwili. Lowesha tena kila kikikauka, ambapo wakati wa baridi ni kila baada ya siku chache. Na siku ukiingia kutoka nje kwenye theluji, usifungue kasha hapohapo. Liache lipate joto lenyewe saa kadhaa, la sivyo vanishi inapasuka vipande vidogo vidogo kama tope la mbuga.

Jambo la mpakani: magitaa mengi yana ubao wa vidole wa miti ya ukoo mmoja na mpingo wetu. Ukoo huo wote uliwekwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, Januari 2017, kisha vyombo vya muziki vilivyokamilika vikaondolewa kwenye usumbufu huo Novemba 2019. Waliobaki na shida ni wenye magitaa ya zamani ya rosewood ya Brazili, mti wa ukoo huohuo, inayolindwa kwa ukali tangu 1992, au yenye vipande vya pembe za ndovu. Hao watafute cheti cha chombo cha muziki, kinachodumu hadi miaka mitatu.

Ufa ukitokea, usikimbilie kumimina gundi ya haraka. Rudisha unyevu polepole kwa wiki kadhaa. Mara nyingi ufa hujifunga kama maungio ya mtumbwi, na ndipo fundi anapoweka gundi na viraka vidogo vya mbao kwa ndani. Kinyume chake hutokea ukirudi Mwanza wakati wa mvua: kifua kinavimba, nyuzi zinapanda, vidole vinauma. Fundi atakuwa tayari kukusagia daraja siku hiyohiyo. Mwombe asubiri mwezi, ziwa limalize kazi yake kwanza.