Nchi za Nordiki si za kijamaa

Imezoeleka kusemwa kwamba Sweden, Denmark na Norway ni nchi za kijamaa ambako serikali hupanga kila kitu. Sivyo. Kampuni nyingi ni mali ya watu binafsi (mafuta ya Norway ni habari nyingine), na wala hakuna sheria ya kima cha chini cha mshahara kwa wafanyakazi wote. Mishahara hujadiliwa na vyama vya wafanyakazi na waajiri wenyewe, utaratibu uliowekewa msingi Denmark mwaka 1899 na Sweden kwa Mkataba wa Saltsjöbaden wa 1938.

Huduma za jamii, kwa upande wake, hugharimiwa na kodi, tena si ya matajiri peke yao. VAT ya kawaida ni asilimia 25. Huko Denmark hata mkate hausamehewi.