Je, Wajua Kwa Nini Chuo Kikuu Humlipia Mhadhiri Wake Akakae Nyuma ya Darasa la Kwanza?

Saa tatu asubuhi, darasa la kwanza, shule ya msingi yenye watoto wengi. Kwenye dawati la nyuma ameketi mtu mzima, magoti yamempanda karibu na kidevu, daftari mapajani na saa ya kuhesabia sekunde mkononi. Watoto wanageuka kumchungulia. Mwalimu ana wasiwasi kidogo, maana anadhani ni mthibiti ubora wa shule. Kumbe ni mhadhiri wa chuo kikuu, na nauli iliyomfikisha pale, karatasi alizochapisha na chai ya msaidizi wake vimelipwa na chuo chenyewe. Hakuna fedha ya wizara hapo, wala ya Benki ya Dunia, wala ya shirika lolote la Ulaya.

Kwa nini chuo ambacho nacho kinahangaika na mabweni na maabara kitoe fedha zake kwa ajili ya hilo?

Tuanze na zinakotoka. Vyuoni watu huziita fedha za ndani. Katika vyuo vya umma Serikali hubeba mishahara, na mengi yanayobaki chuo hujitafutia: ada, kazi za ushauri wa kitaalamu, asilimia inayokatwa kwenye miradi ya wafadhili, kodi za majengo na ardhi. Wewe unayenunua viatu Mlimani City, Dar es Salaam, unatembea juu ya ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwekezaji aliyejenga pale anakilipa chuo pango. Katika kapu la namna hiyo ndimo kurugenzi ya utafiti hutenga fungu, ikatoa tangazo, na wahadhiri wakashindana kwa maandiko, yaani mapendekezo ya utafiti.

Makerere walikuja kwa njia nyingine. Mwaka 2019 Serikali ya Uganda ilikipa chuo hicho shilingi bilioni 30 za Uganda kwa ajili ya utafiti, nacho kikaunda mfuko wake wa utafiti na ubunifu wa kuzigawa kwa ushindani kwa wahadhiri wa ndaki zote, wa elimu wakiwamo. Fedha zilitoka hazina, lakini swali gani lilipiwe na lipi lisubiri ni jambo lililoamuliwa chuoni. Hapo ndipo penye uzito wa habari hii yote, maana katika utafiti anayegawa fedha ndiye anayechagua swali.

Mtu anayetafiti malaria au mbegu za mahindi ana milango kadhaa ya kubisha: mifuko ya afya ya dunia, kampuni za dawa, vituo vya kimataifa vya kilimo. Anayetaka kujua kwa nini watoto wa shule fulani wanafika darasa la tatu bila kusoma sentensi nzima ana milango michache. Hakuna kitu atakachokitengeneza kikauzwa dukani. Wizara ikipata fedha hukimbilia madarasa, madawati na vitabu, na ni haki yake. Mashirika ya maendeleo nayo hulipia utafiti wa elimu, ila mara nyingi ni tathmini ya miradi yao wenyewe: je, mafunzo tuliyowapa walimu yamefaa? Swali zuri, lakini ni la kwao.

Mfano mmoja haujawahi kunitoka kichwani. Suala la lugha ya kufundishia, Kiswahili au Kiingereza katika sekondari, ni la Watanzania tangu uhuru. Wazazi hulijadili kwenye daladala. Hata hivyo, mradi mkubwa uliolichunguza kwa kufundisha madarasa mengine kwa Kiswahili na mengine kwa Kiingereza kisha kulinganisha uelewa wa wanafunzi, ule uitwao LOITASA ulioanza mwaka 2002, ulilipiwa na Norwei. Watafiti walitoka Dar es Salaam, Western Cape huko Afrika Kusini, na Oslo. Kazi yao ilikuwa ya maana, na naishukuru Norwei kwa moyo mweupe. Ila inanichoma kwamba ili mtoto wa Kitanzania apimwe kama anaelewa zaidi kwa Kiswahili, ilibidi kamati iliyoko Bergen au Oslo ikubali kwanza kuwa swali hilo lina thamani. Je, isingekubali?

Kisha kuna suala la muda. Andiko linalopelekwa kwa mfadhili wa nje huweza kuchukua mwaka mzima, pengine zaidi, tangu tangazo litoke hadi fedha iingie benki. Darasa halisubiri. Januari 2016 Tanzania ilipoondoa ada hadi kidato cha nne, watoto walifurika shuleni ndani ya wiki chache. Mtafiti aliyetaka kuona mwalimu mmoja anafanyaje na watoto mia na zaidi katika majuma yale ya kwanza alihitaji nauli Februari ileile. Angesubiri mfadhili, watoto wale angewakuta darasa la tatu na mwalimu ameshahamishwa.

Au kumbuka mwaka 2020. Nchi tatu jirani zilifunga shule mwezi uleule wa Machi, halafu kila moja ikaenda njia yake. Tanzania ilifungua shule zote tarehe 29 Juni mwaka huohuo. Kenya iliwarudisha baadhi ya wanafunzi Oktoba, wengine wote wakarudi Januari 2021. Uganda ilikuja kufungua kikamilifu tarehe 10 Januari 2022, baada ya karibu miaka miwili. Mtoto wa Mutukula upande wa Tanzania na mwenzake wa Mutukula upande wa Uganda, wanaosikia kelele za soko lilelile, mmoja alikaa nyumbani miezi mitatu na mwingine miezi ishirini na ushee. Kwa mtu wa elimu hiyo ni nafasi ya kujifunza isiyokuja mara mbili katika maisha yake ya kazi, na aliyeweza kuiwahi ni yule tu ambaye chuo chake kilikuwa na fungu la kumtuma mpakani bila kuomba ruhusa ng'ambo.

Sababu ya tatu ni ya kiufundi, nami naipenda kuliko zote kwa sababu inaonekana ndogo.

Vipimo vingi vya kusoma vinavyotumika katika madarasa ya mwanzo huhesabu maneno ambayo mtoto anasoma kwa dakika moja. Kwa Kiingereza kuna viwango vilivyozoeleka, mtoto wa darasa fulani anatarajiwa kusoma maneno kadhaa. Sasa chukua neno letu moja: hatukumwona. Lina silabi tano, na ndani yake mna mtendaji, mtendwa, wakati uliopita na ukanushi. Kwa Kiingereza ujumbe huo ni maneno manne mafupi. Mtoto wa Kizimkazi aliyesoma maneno ishirini kwa dakika anaweza kuwa amefanya kazi kubwa kuliko mtoto wa London aliyesoma thelathini, na ukichukua kiwango cha London ukakibandika Kizimkazi, utamwandika mtoto huyo kuwa ameshindwa.

Kulijua hilo hakuhitaji mamilioni ya dola. Inatosha kwenda shule mbili au tatu, kuwasomesha watoto kadhaa, kusikiliza wanakwama wapi. Je, wanakwama kwenye ng'? Kwenye mwambatano kama mbw wa mbwa? Je, wanaanza neno refu vizuri kisha wanabuni mwisho wake? Baada ya hapo kipimo kinarekebishwa na kurudiwa tena. Kazi hii ya awali haina mvuto kwa mfadhili mkubwa, naye huyohuyo akija atauliza: kipimo chako umekijaribu wapi, matokeo ya awali yako wapi? Fedha ndogo ya ndani humpa mhadhiri jibu la swali hilo. Ndiyo maana vyuo huiita mbegu. Chuo kinatarajia kwamba milioni chache kilizotoa leo zitamsaidia mhadhiri kuandika andiko litakaloleta mradi wa miaka mitano, wenye nafasi za wanafunzi wa uzamivu ndani yake. Si vyuo vyetu peke yake vinavyofikiri hivyo. Marekani, ambako fedha za serikali kuu kwa utafiti ni nyingi mno, takriban robo ya matumizi ya utafiti vyuoni hutoka mifukoni mwa vyuo vyenyewe.

Mhadhiri anazipataje? Anaandika andiko la kurasa chache, wahakiki wanalisoma, kamati inaamua. Hapo bado hajafika shuleni. Niliwahi kuwa mtafiti msaidizi katika utafiti wa namna hii, na kitu ninachokikumbuka kuliko madodoso ni bahasha ya kaki. Ndani yake kulikuwa na barua ya kibali cha chuo. Tuliipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, tukapewa barua ya kwenda wilayani. Wilayani tukapewa ya Mkurugenzi wa Halmashauri. Kutoka kwa Afisa Elimu ikapatikana ya kata, na ya kata ndiyo tuliyomkabidhi mwalimu mkuu. Bahasha ilinenepa kwa mihuri. Siku nne zilikwisha kabla hatujamsikia mtoto hata mmoja akisoma, na siku nne hizo ni malazi na chakula vinavyokula bajeti. Kisha kuna ridhaa ya wazazi, ambayo haina njia ya mkato wala haipaswi kuwa nayo.

Fedha yenyewe hutoka kama masurufu, yaani unapewa kwanza, ukirudi unaleta marejesho ya kila shilingi. Mhasibu anataka risiti ya mashine. Bodaboda aliyekubeba kilomita kumi na mbili kwenye matope hana mashine, basi unabeba karatasi ya saini, anaweka jina, namba ya simu na kidole chake cha wino. Marejesho yakichelewa, awamu ya pili haitoki.

Kuna kikwazo kingine ambacho walio nje hawakioni. Mwaka wa fedha Tanzania huanza Julai na kwisha Juni 30. Mwaka wa shule huanza Januari. Bajeti ikipitishwa Julai, tangazo likatoka, maandiko yakahakikiwa, mikataba ikasainiwa, fedha inaweza kumfikia mhadhiri Novemba au Desemba, wakati kidato cha nne wako kwenye mtihani na shule za msingi zinafunga. Zikifunguliwa Januari, mwalimu yuko kwenye uandikishaji na hana muda na mtu wa madodoso. Kinachobaki ni Februari hadi Mei, Pasaka ikiwa katikati, mvua za masika zikikata barabara, na mhadhiri mwenyewe ana vipindi vya kufundisha chuoni. Daktari wa mifugo au mkemia anaweza kufanya kazi yake Desemba. Mtafiti wa elimu hana darasa Desemba. Kama kuna jambo moja ningeliomba kwa kurugenzi za utafiti, ni kuziacha fedha za watu wa elimu zivuke Juni 30 badala ya kurudishwa, na kumpunguzia mhadhiri vipindi muhula mmoja. Muda wa mtafiti ni sehemu ya gharama, ingawa hauandikwi kwenye bajeti.

Haya yote yamepata uzito mpya tangu mwaka 2025. Februari mwaka huo Serikali ya Marekani ilifuta mikataba ya utafiti wa elimu ya nchini mwake yenye thamani ya zaidi ya dola milioni 800. Julai mosi shirika lake la misaada, USAID, likafikia ukomo. Hilo ndilo lililokuwa nyuma ya programu za kusoma kama Tusome ya Kenya na Tusome Pamoja ya Tanzania, ambazo ziliingiza vitabu na mafunzo madarasani na kuacha takwimu nyingi juu ya usomaji wa watoto wetu. Fedha ya mgeni ilikuwa nyingi, ikafungwa kwa uamuzi ambao hakuna mwalimu wa Iringa wala Kisumu aliyeulizwa. Fungu la ndani la chuo haliwezi kuziba pengo hilo hata kwa sehemu ya mia. Linachoweza ni kumbakiza mtu mmoja shuleni akiendelea kusikiliza, ili mfululizo wa tunachokijua usikatike kabisa.

Sisemi fedha za ndani hazina dosari. Ni kidogo, huchelewa, na mara nyingine jina la mwombaji hujulikana kwa wahakiki hata likifichwa, maana idara ni ndogo na kila mtu anajua nani anatafiti nini. Vyuo vingine hutafuta wahakiki wa nje ya chuo, na nadhani hiyo ndiyo njia.

Siku hizi nikisoma andiko la mwenzangu ninatafuta mstari mmoja kwenye bajeti yake, na mara nyingi haupo: nauli ya kurudi. Yaani kurudi kwenye shule ileile baada ya uchambuzi, ukiwa na ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi unaosema watoto wenu tuliwakuta wanakwama hapa na hapa. Kwenye ule utafiti wa bahasha ya kaki tulirudi, kwa sababu mkuu wa mradi aliutetea mstari huo mbele ya kamati. Mwalimu wa darasa la kwanza aliusoma ukurasa wetu akiwa amesimama mlangoni, akautazama tena upande wa nyuma kama kuna zaidi, kisha akatuambia kuwa katika miaka yake kumi na tisa ya kufundisha wamekuja watu wengi na madodoso, na sisi ndio wa kwanza kuleta majibu.