Damu safi, jicho bado jekundu

Birere, Goma, saa tatu asubuhi. Mama mmoja ananinyoshea karatasi: CRP chini ya 6, VS ya kawaida (vipimo viwili vya damu vinavyoonyesha kama mwili unawaka, yaani una uvimbe wa ndani). "Docta, wanasema niko mzima." (Mimi ni mtu wa labo tu, lakini hapa koti jeupe ni docta.) Jicho la kushoto ameliziba kwa pindo la kitenge; mwanga unamchoma.

Hiyo ndiyo dhana inayoponza wengi: damu ikiwa safi, jicho nalo ni zima. CRP hutengenezwa na ini, mwili unapowaka vya kutosha. Jicho ni dogo. Uveiti, yaani uvimbe wa ndani ya jicho, inaweza kuliharibu na ini lisipate habari. Tena kati ya damu na jicho kuna kizuizi. Mwaka 2014 daktari Mmarekani Ian Crozier aliugua Ebola huko Sierra Leone, akapona. Wiki 9 baada ya damu yake kuwa safi, virusi vilikutwa ndani ya jicho lake, na rangi yake ya buluu ikageuka kijani. Sisi wa Kivu, tulioishi na Ebola 2018 hadi 2020, tungepaswa kuijua hadithi hii kwa moyo.

Dhana ya pili inakwenda upande wa pili: "IgG ya tokso ni chanya, basi tokso iko jichoni." Hapana. IgG, kingamwili ya kwenye damu, inasema tu kwamba uliwahi kukutana na kimelea cha tokso (toksoplasma), pengine utotoni. Kovu kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho, ndilo linalosema zaidi. IgG ikiwa hasi, hapo kweli inasaidia: tokso inakuwa mbali.

Na kipimo cha HLA-B27, alama ya kurithi? Ulaya huambatana na karibu nusu ya uveiti za ghafla za mbele ya jicho. Kwa Waafrika weusi ni adimu. Usiuze mbuzi kwa ajili yake.

Kipimo cha kaswende, ambacho watu hukionea haya, ndicho nisingekiruka. Kaswende huiga karibu kila uveiti, na penisilini huitibu. VVU pia, na picha ya kifua kwa ajili ya kifua kikuu.

Na vumbi la volkano yetu, Nyiragongo? Linawasha na kutoa machozi. Jicho likiuma ndani na kuona ukungu, usilisingizie vumbi.

Namuuliza mama nani amelitazama jicho lenyewe, kwa ile mashine ya daktari wa macho unayoegemezea kidevu.

"Hakuna. Walitoa damu tu."