Je, Wajua Kwa Nini Kihispania Hugeuza Kitenzi Hata Pasipo na Shaka?

Sentensi iliyoniponza ilikuwa fupi: Me alegra que estás aquí. Nilitaka kumwambia mwenzangu wa darasani, "Nafurahi kwamba upo hapa." Mwalimu akakata estás kwa kalamu nyekundu, juu yake akaandika estés. Nikabisha. Wiki ileile tulikuwa tumefundishwa kwamba umbo hilo, ambalo wao huliita subjuntivo na sisi hali tegemezi, hutumika pale msemaji anapokuwa na shaka. Mtu niliyemwandikia alikuwa amekaa kiti cha pili kutoka kwangu. Shaka iko wapi hapo?

Kanuni hiyo ya shaka ndiyo wengi wetu tunaanza nayo, na imeoza pande zote mbili. Upande mmoja, kuna mambo ya kubahatisha ambayo hupewa kitenzi cha kawaida. Creo que viene ni "nadhani anakuja", na anayesema hivyo hana hakika, ila viene haibadiliki. Supongo que viene, "nakisia anakuja", vilevile. Hata mwongo anayejulikana mtaa mzima, akisema atakuja, utaripoti: dice que viene. Upande wa pili kuna mambo ya hakika kabisa ambayo hugeuziwa kitenzi. Es una lástima que haya muerto, "inasikitisha kwamba amefariki", ni maneno ambayo mtu anaweza kuyasema akiwa ametoka kuzika. Hana shaka hata chembe, lakini kitenzi kilichogeuzwa, haya, kimo.

Basi kinachopimwa si hakika. Mwaka 1974 wanaisimu Tracy Terrell na Joan Hooper walieleza kwamba linaloamua ni kama maneno yanatolewa kuwa dai au la. Mimi jambo hilo lilinikaa kichwani nilipolifananisha na muhuri.

Chukua barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa. Yaliyoandikwa ndani yanaweza kuwa kweli tupu, lakini bila muhuri ukifika nayo benki watakurudisha. Nyingine ina muhuri unaong'aa, na ndani kuna uongo. Muhuri haugeuzi uongo kuwa kweli. Unaonyesha tu kwamba yupo mtu aliyesimama nyuma ya maneno hayo. Kitenzi cha kawaida cha Kihispania kinafanya kazi hiyohiyo. Katika creo que viene, nimegonga muhuri kwenye "anakuja", hata kama mkono ulitetemeka. Katika dice que viene, muhuri ni wa yule aliyesema, mimi ni tarishi. Katika quiero que venga, "nataka aje", hakuna aliyedai kwamba anakuja. Lipo takwa tu. Na katika no creo que venga, "sidhani kama atakuja", nimeombwa muhuri nikakataa.

Sasa turudi kwa estés. Ukimwambia mgeni aliyekwisha kukaa mkekani kwako "umekaa", hujampa habari yoyote. Ndivyo ilivyokuwa kwa yule mwenzangu: kuwapo kwake sote wawili tulikuona. Habari niliyompa ni furaha yangu, na muhuri uligongwa kwenye me alegra. Kilichobaki kilitajwa tu, hakikudaiwa. Kwa hiyo kweli inayojulikana na jambo lisilojulikana vinaweza kuvaa umbo moja, kwa sababu vyote viwili havitangazwi.

Msemaji wa Kiswahili hapa ana bahati, kwani nusu ya somo anayo tayari. Anasoma huwa asome, kama vile habla huwa hable. (Vitenzi vyao vya -er na -ir huenda kinyume: come huwa coma.) Dice que viene ni "anasema anakuja", na dice que venga ni "anasema aje". Quiero venir ni "nataka kuja", quiero que vengas ni "nataka uje". Ukifuata sikio lako kwenye matakwa na maagizo, hutapotea mara nyingi.

Tunajikwaa pale ambapo -e yetu haifiki: kwenye furaha na masikitiko, kwenye kukanusha, na kwenye wakati ujao baada ya cuando, "wakati". Cuando llego a casa, como ni "kila nikifika nyumbani huwa nakula". Cuando llegue a casa, comeré ni "nitakapofika nyumbani nitakula". Kule kufika bado hakujatokea, kwa hiyo hakupigwi muhuri.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa fundi. Busco a un mecánico que sabe reparar bombas: yupo fundi fulani anayejua kutengeneza pampu, nami namtafuta. Busco un mecánico que sepa reparar bombas: natafuta fundi anayejua, yeyote atakayepatikana. "Anayejua" yetu haibadiliki, ila tazama namtafuta na natafuta. Ile -m- inafanana na kile ki-a kidogo kabla ya un mecánico. Kwetu si kanuni kali, wengi huitia -m- kotekote, lakini tofauti inasikika.

Muhuri hautatui kila kitu. Quizás viene na quizás venga, "labda anakuja", yote husemwa. Después de que, "baada ya", hutaja jambo lililokwisha kutokea, na bado magazeti ya Uhispania huandika después de que llegara. Huenda linavutwa na pacha wake, antes de que, "kabla", ambalo halikubali kitenzi cha kawaida kamwe.

Huyo pacha tunamwelewa vizuri kuliko tunavyodhani. Antes de que llegara mi madre, lavé los platos. Kabla mama hajafika, niliosha vyombo. Mama alifika, na sahani zilizokauka alizikuta. Hata hivyo Mhispania hagongi muhuri kwenye kufika kwake, nasi tunasema hajafika.