Alama ya M kwenye paji la uso haimfanyi paka kuwa wa kigeni

Ujumbe huu haukomi kuzunguka kwenye magrupu ya Dar es Salaam: ukiokota mtoto wa paka mwenye alama ya M kwenye paji la uso na macho ya bluu, huyo ni Maine Coon, aina ya paka wakubwa wenye manyoya marefu kutoka Marekani, usimgawe bure. Si kweli.

Alama hiyo wanayo paka wa milia wote. Nenda soko la samaki Feri asubuhi, umtazame yule anayesubiri matumbo ya samaki chini ya meza: M hiyo hapo, juu ya macho. Na bluu? Watoto wa paka wanapofumbua macho, kwa kawaida huwa ya bluu. Kuanzia wiki ya 6 au 7 rangi ya kudumu hujitokeza, kwa hiyo subiri tu, utaona mwenyewe.

Kinachochanganya wengi ni manyoya marefu. Sifa hiyo hujificha kwenye damu vizazi kadhaa, halafu wazazi wenye manyoya mafupi wanamzaa mmoja kama pamba. Tena watoto wa tumbo moja wanaweza kuwa na baba tofauti! Asili huthibitishwa kwa hati za wazazi au kipimo cha vinasaba, si kwa picha ya simu.

Inauma kuona mwenye M akigombewa na nduguze wakiachwa kwenye boksi. Ukitumiwa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Mtoto wako wa paka akifikisha miezi 3, mpeleke kwa daktari wa mifugo achanjwe kichaa cha mbwa.