Gesi haiishi jamani, mashine yako ya barafu inalilia maji safi na hewa

Simu nyingi ninazopigiwa kuhusu mashine ya barafu ya nyumbani zinaanza hivi, fundi, gesi imeisha, njoo uniongezee. Nafika naigusa ubavuni inaunguza, imebanwa kwenye kona kati ya kabati na ukuta, nafungua tenki nakuta ukoko mweupe wa chokaa umeshika kingo zote, na hiyo gesi inayolaumiwa ipo yote ndani ya mabomba yake. Naomba hili tuliweke wazi kabla ya mengine, gesi ya mashine ya barafu haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari. Inazunguka kwenye mfumo uliofungwa, inatoka kompresa, ile pampu inayobana gesi, inaenda kondensa, yale mabomba ya kutupa joto, inashuka sehemu ya kugandishia inarudi tena kompresa, miaka nenda miaka rudi ni ile ile. Ikipungua maana yake kuna tundu. Kinachoziua hizi mashine majumbani ni maji na hewa, na vyote viwili viko mikononi mwako wewe mwenye mashine kuliko vilivyo mikononi mwangu.

Nakutana na aina mbili hasa. Kuna ile ndogo ya kuweka mezani, unaijazia maji kwa jagi, ina vidole vya chuma vinavyozama kwenye trei ya maji, barafu inajishika kukizunguka kila kidole kwa dakika kama 6 hadi 13 hivi, alafu vali inafunguka gesi ya moto inapita mle mle kwenye vidole, barafu inalegea inadondoka, koleo dogo linaisukuma kwenye kikapu. Ndio maana vipande vyake vina shimo katikati. Ya pili ni ya kujengea chini ya kaunta, hii inaungwa kwenye bomba la maji na inakuwa na njia ya kutolea maji, ndani yake maji yanatiririka mfululizo juu ya sahani ya baridi na barafu inajijenga tabaka kwa tabaka mpaka inatoka angavu unaona upande wa pili. Ile iliyomo ndani ya friza ni ndugu yao, nitaigusa pale inapohusika tu.

Tuanze na hewa, maana ndiyo inayodharauliwa. Mashine haitengenezi baridi, inachukua joto lililomo kwenye maji inalitupa chumbani, basi. Na joto lenyewe ni jingi kuliko watu wanavyodhani. Kilo 1 ya maji ambayo tayari yameshafika nyuzi 0 bado unatakiwa kuyatoa kilojuli 334 ndio yawe barafu ya nyuzi 0 hiyo hiyo, na joto hilo lingetosha kuipandisha kilo hiyo hiyo ya maji kutoka nyuzi 20 mpaka 100. Ongezea joto la kuyashusha maji kutoka bombani mpaka 0, ongezea na joto la kompresa yenyewe, lote hilo linapita kwenye kondensa linasukumwa nje na feni. Sasa wewe umeisogeza mashine mpaka imegusa ukuta, ile hewa ya moto inagonga ukuta inarudi kuvutwa tena, kondensa haipoi, presha inapanda, kompresa inahema, barafu inatoka nyembamba au haitoki kabisa, na hapo ndipo mtu anasema gesi imeisha.

Kwa hiyo ya mezani iachie nafasi sentimita 10 mpaka 15 kila upande wenye matundu, na usiweke taulo wala sahani juu yake. Ya kujengea chini ya kaunta inaweza kukaa imebanwa pembeni ikiwa tu imetengenezwa kupumua kwa mbele, usiichukue ya mezani ukaiingiza kabatini eti zinafanana umbo. Nyingi zimepangiwa chumba cha nyuzi 10 mpaka 32, kitabu chake kitakwambia, ukizidisha hapo itafanya kazi lakini uzalishaji utashuka, na ile namba ya kilo kwa siku iliyoandikwa kwenye boksi imepimwa kwa maji baridi na chumba chenye ubaridi wa kutosha, usiidai jikoni karibu na jiko linalowaka. Jua la dirishani nalo ni tatizo mara mbili, linapasha mashine na pia linaichanganya ile sensa ya mwanga inayoangalia kama kikapu kimejaa, unakuta taa inasema kimejaa na kikapu kitupu, ukifunga pazia tu inaendelea.

Kabla hujachomeka plagi, jiulize mashine imesafirije. Kama ililazwa, isimamishe uiache masaa 24. Ndani ya kompresa, sehemu ya chini, kuna oili, ukiilaza ile oili inatambaa inaingia kwenye mabomba, ukiwasha kabla haijarudi kompresa inazunguka bila ulainishaji na inaweza kujaribu kubana kimiminika kitu ambacho haiwezi. Kuna watu wanaiua mashine mpya siku ile ile iliyotoka kwenye boksi kwa sababu tu wana hamu ya kuona barafu, nawaelewa, ila subirini.

Alafu pima maji. Nasema kile kifaa chenye kipovu, kiweke juu ya mashine mbele kwenda nyuma na kushoto kwenda kulia, zungusha miguu mpaka kipovu kikae katikati. Hii sio urembo. Ikiinama trei inajaa upande mmoja, vidole vya huku vinatoa barafu nono na vya kule vinatoa vijipande kama maganda, na ile ya chini ya kaunta maji yanaweza kukimbilia upande mmoja wa sahani au kumwagika mpaka kwenye hifadhi ya barafu na kuiyeyusha.

Umeme, soketi yake peke yake yenye arthi, usitumie ekstensheni nyembamba iliyobeba na birika. Kama umeme unakatika katika weka kile kilinzi cha friji kinachochelewesha dakika 3 mpaka 5 kabla ya kuruhusu umeme, maana kompresa ikizimwa katikati ya kazi upande mmoja una presha kubwa na mwingine ndogo, ikilazimishwa kuwaka papo hapo inakwama na kuungua koili zake.

Ya kuunga bomba ina mambo yake. Tumia tii, kile kiungo cha njia tatu, na koki yake ya kufungia inayofikika kwa mkono, sio ile klempu inayotoboa bomba kwa msumari, zile huziba na huvuja na siku ukitaka kufunga maji hazifungi vizuri. Unga maji baridi, usiunge kwenye bomba la moto. Angalia presha inayotakiwa, nyingi zinakubali kati ya psi 20 na 120, ikiwa chini ya hapo vali inafunguka lakini maji yanayoingia ni kidogo na wakati mwingine vali yenyewe haijifungi sawasawa, inadondosha tone tone. Kwenye zile za ndani ya friza dalili yake ni vipande vidogo au barafu iliyoungana donge moja. Kabla ya kukaza fleksibo, ule mpira wa kuunganishia, kwenye mashine ielekeze kwenye ndoo ufungue maji yapite lita kadhaa, utashangaa mchanga na vumbi la plastiki vinavyotoka, vyote hivyo vingeingia kwenye kale kachujio kadogo cha vali.

Bomba la kutolea maji lishuke, kama sentimita 2 kwa kila mita, bila tumbo katikati, na lisizamishwe moja kwa moja kwenye mtaro wa maji machafu. Acha upenyo wa hewa kati ya mdomo wa bomba na mtaro, maana mtaro ukiziba maji machafu yatapanda kurudi, na pa kurudi ni kwenye chombo chenye barafu unayotia kwenye glasi. Kama mtaro uko juu kuliko mashine lazima ununue yenye pampu ya kutolea, hakuna ujanja mwingine.

Ukishawasha, barafu ya mizunguko miwili mitatu ya kwanza mwaga, ina ladha ya plastiki na mabaki ya kiwandani.

Sasa maji, hapa naomba utulivu kidogo. Maji yanapoganda fuwele za barafu zinapanga maji matupu na zinasukuma nje chumvi, chokaa na hewa. Mashine ya chini ya kaunta inautumia ukweli huu, maji yanayotiririka yanaosha ule uchafu unaosukumwa nje na mwisho wa mzunguko yanamwagwa, ndio maana barafu yake ni angavu na ndio maana inatumia maji mengi kuliko barafu unayoiona. Ya mezani haina pa kumwaga. Umetia lita 2, umetoa kilo 1 ya barafu ukaitumia, ile lita 1 iliyobaki tenkini imebaki na sehemu kubwa ya chumvi ya lita zote 2. Unaongezea lita 1 juu yake, unatoa barafu tena, chumvi inazidi kulundikana, na barafu inayoyeyuka kikapuni nayo inarudi humo humo, maana kikapu cha hizi mashine sio friza, kinayeyusha na kuzungusha. Mtu anafanya hivi wiki nzima bila kumwaga alafu anauliza mbona barafu ina ladha na ni nyeupe kama chaki. Fungua kizibo cha chini umwage, kila siku unayoitumia mwisho wa siku mwaga, kausha, acha kifuniko wazi. Kitendo hiki kimoja kinaokoa mashine kuliko dawa zote.

Chujio la mkaa linasaidia ladha kwa sababu linanasa klorini, lakini haliondoi chokaa, na watu wengi wanalinunua wakidhani linaondoa. Tena ukishaiondoa klorini, maji yanayopita baada ya chujio hayana ulinzi, utelezi unaota haraka zaidi, kwa hiyo mwenye chujio anatakiwa kusafisha zaidi sio pungufu, na kulibadilisha kama kila miezi 6. Maji yaliyotolewa madini yote ni mazuri kuzuia ukoko ila baadhi ya mashine zinahisi maji kwa umeme mdogo unaopita kwenye madini hayo hayo, ukiyatoa yote inadhani tenki ni tupu. Soma kitabu kwanza.

Ukoko ukishaingia tumia asidi ya sitriki, mimi naweka kijiko 1 cha chakula kwa lita 1 ya maji ya vuguvugu, naizungusha kwa programu ya kusafisha, naiacha itulie, namwaga, narudia mpaka maji yatoke bila chenga. Kama sehemu ya kugandishia imepakwa nikeli tafuta dawa iliyoandikwa ni salama kwa nikeli, asidi kali inaimenya ile nikeli vipande vipande na hairudi. Usikwangue kwa kisu wala bisibisi kamwe. Ukuta wa bomba pale ni mwembamba, mkwaruzo mmoja unatoboa, na hapo kweli gesi itaisha.

Asidi inaondoa madini, haiui vijidudu, na kuganda pia hakuviui, vinalala tu vinasubiri barafu iyeyuke kinywani mwako. Ukiona utelezi wa pinki au madoa meusi kwenye mpira wa mlango, kona za trei, mpira wa kuletea maji, hiyo ni jamii hai imejenga humo. Ioshe kwa brashi laini na sabuni kwanza, maana dawa haipenyi kwenye utelezi, suuza, ndipo upitishe blichi isiyo na manukato, kijiko 1 cha chai kwa lita 4 za maji kama kitabu chako hakikatazi, alafu suuza tena mara kadhaa na barafu ya kwanza uitupe. Blichi na asidi zisikutane hata kidogo, sio siku moja kwenye tenki bila kusuuza katikati, zikichanganyika zinatoa gesi ya klorini na jikoni kukiwa kumefungwa unaumia mapafu. Nalirudia hili kwa kila mteja hata kama amechoka kunisikia. Na kijiko cha kuchotea barafu kikae nje ya barafu, mahali pasafi, mikono isiingie.

Kondensa nayo ipigwe brashi na ivutwe vumbi, mashine ikiwa imechomolewa, kila miezi michache, mwenye wanyama wa manyoya ndani afanye mara nyingi zaidi.

Ukifanya yote haya na bado inasumbua, angalia inasumbuaje. Inasema hamna maji na maji yapo, ni boya au sensa imeshika ukoko, au pampu imevuta uchafu. Barafu inaganda vizuri lakini haidondoki, tazama vali ya gesi ya moto, sio kiwango cha gesi. Vipande vidogo lakini vyote sawa, maji machache au chumba cha moto. Feni haizunguki kabisa, zima haraka kabla kompresa haijafuata.

Tundu la kweli lina sura yake, kompresa inanguruma muda wote, feni inafanya kazi, hewa inayotoka haina joto la maana, na vidole vinashika ukungu wa barafu kwenye vichache tu au havishiki kabisa, pengine unaona doa la oili kwenye kiungo. Hapo niite, au mwite fundi mwenye mzani wa kupimia gesi. Bati la nyuma limeandika aina ya gesi na gramu zake, nyingi za siku hizi zina R600a ambayo ni isobutani, inawaka moto, na kiasi chake ni gramu chache sana kiasi kwamba kukadiria kwa macho ni kuharibu. Fundi akija na mtungi tu, anataka kujaza bila kutafuta tundu, bila kuvuta vakyumu yaani kuitoa hewa yote mabombani, bila kubadili draya ile inayonasa unyevu, na anawasha tochi ya kuchomelea wakati mfumo una gesi ndani, mshukuru kwa muda wake na umfungulie mlango atoke.