Mkarafuu ni mti gani?

Chukua karafuu moja jikoni, iliyo nzima, uiloweke kwenye maji ya moto mpaka ilainike. Kile kichwa cha duara si mbegu. Ni petali nne zilizokumbatiana, na ukizibandua taratibu kwa ncha ya kisu utakuta ndani nyuzi nyingi nyembamba, zile ambazo kwenye ua hubeba chavua. Vile vijino vinne vilivyokizunguka kichwa ni sepali. Kwa hiyo tunachotia kwenye pilau ni tumba, yaani ua zima lililochumwa kabla halijachanua. Wengi huiita mbegu, nami hupenda kuanzia hapa hapa, maana ukishalijua hilo, taabu yote ya mkarafuu inaeleweka.

Wataalamu wa mimea huuita Syzygium aromaticum, na wameuweka katika jamii ya Myrtaceae. Ndugu zake tunaishi nao majumbani: mpera ni wa jamii hiyo, mkaratusi pia, na mzambarau ndio wa karibu zaidi kwani ni Syzygium vilevile. Lifikiche jani la mkarafuu mkononi uvinuse viganja vyako. Mafuta yenye harufu yamo kwenye majani, kwenye vikonyo na zaidi kwenye matumba. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujenoli, kitu kinachotia ganzi kidogo. Ndiyo maana wazee huweka karafuu kwenye jino linalouma, na madaktari wa meno nao huitumia yujenoli katika dawa zao.

Mti huu hauvui majani yake yote kwa pamoja, hupenda joto na mvua za kutosha, na humtaka mkulima awe na subira ya miaka kama sita au zaidi kabla ya kumpa mavuno ya kwanza. Hata ukishakua, hauzai sawasawa: mwaka mmoja unafurika, mwaka mwingine unakupa kiasi cha kuonja tu.

Matumba hutoka kwa vishada, yakiwa ya kijani. Yanapoanza kuwa mekundu, hapo ndipo. Ukichelewa siku chache petali zinafunguka na kudondoka, na karafuu ya namna hiyo haina thamani ile. Vishada navyo havikomai pamoja, basi mti mmoja hukwewa zaidi ya mara moja katika msimu, na matawi ya mkarafuu ni mepesi kukatika. Anayenunua karafuu kwa kipimo cha kijiko hawezi kuiona hatari hiyo, na naona ni haki aijue. Baada ya kuchuma huja kuchambua, matumba kando na makonyo kando, kwa mkono, kishada kwa kishada. Kisha huanikwa juani juu ya majamvi siku nne au tano, na kuingizwa ndani mvua ikinyemelea. Zikikauka hubaki kama theluthi moja ya uzito wa zile mbichi. Makonyo hayatupwi: Pemba, pale Wawi karibu na Chake Chake, kuna kiwanda kinachoyakamua mafuta.

Kwao mkarafuu ni Maluku, visiwa vya Indonesia kama Ternate na Tidore. Katika karne ya 17 Waholanzi waliikata mikarafuu kwenye visiwa vingi vya huko ili biashara ibaki mikononi mwao. Mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifanikiwa kuifikisha miche Mauritius, na kutoka visiwa vile vya Wafaransa ikaja Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Sultani Seyyid Said akahimiza ipandwe kwa wingi. Lakini ua linalongoja siku chache tu linataka mikono mingi kwa wakati mmoja, na mikono hiyo ilitafutwa kwa utumwa: watu walitekwa bara na kuvushwa bahari kuja kuchuma mashamba ya Unguja na Pemba. Sifa ya Zanzibar kama visiwa vya karafuu ilijengwa juu ya migongo yao, na haifai kuisimulia bila wao.

Mwaka 1872 kimbunga kiliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar hutoka huko.

Yale matumba machache yanayoachwa mtini hufunguka kama yalivyokusudiwa, yakatoa tunda dogo lenye rangi ya zambarau iliyokoza, na ndani yake mara nyingi kokwa moja tu. Hiyo ndiyo mbegu ya kweli ya mkarafuu. Haikubali kuwekwa ghalani: ikikauka haioti, kwa hiyo hupandwa kitaluni ikiwa bado mbichi.